Singo Isiyo na Pombe

Mwari hunukia kabla hajaonekana. Hivyo ndivyo alivyonifunza somo wangu, kungwi aliyenifunda, nami mpaka leo nshakuwa somo wa wari wengi kuliko meno niliyobakisha. Msichana hutiwa ndani wiki nzima kabla ya harusi, madirisha yakafungwa, jua lisimguse na mtu wa nje asimwone. Asubuhi na alasiri humsinga mwili mzima. Singo yetu ni maua: asumini, mawaridi, mkilua, mrehani, na msandali uliosagwa, vyote vikalowanishwa kwa marashi. Unasugua mpaka taka zinatoka kama nyuzi na ngozi inang'ara. Siku bwana harusi anapofika mlangoni, pua yake huwa ishaoa zamani, yeye mwenyewe anafuata nyuma.

Salhiya, binti wa Mwalimu Anwar wa chuo cha Kurani cha Mkunazini, nilimtia ndani siku ya Ijumaa. Nikaha yake na Mansour ilikuwa Ijumaa ya pili yake. Nilifika na kapu langu la maua kichwani, nikamkuta Badria keshanitangulia chumbani.

Badria ni mdogo wake Saadiya, mama wa mwari. Ana duka la manukato Mlandege, na ana simu inayomfunza kila kitu isipokuwa kunyamaza. Alikuwa ameshika chupa kubwa yenye maji meupe, safi kama machozi.

"Bi Mwanapili, maua yako weka pembeni," akanambia. "Singo ya maua inanukia siku tatu. Hii yangu mwezi mzima."

"Mwezi mzima? Huyo mume atalala na mke au atapiga chafya?"

"Soma hapa kwanza."

Nikasoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Iliandikwa kwa herufi kubwa, hata mimi wa darasa la sita sikuhitaji miwani: HAINA POMBE.

Neno hilo lina kisa chake. Wanawake wa darsa walikuwa wameanza kumsusia Badria, wakisema manukato yake yametiwa spiriti, na spiriti ni pombe, na mtu hawezi kusimama mbele ya Mola wake ananukia kama kilabu. Badria akaenda kwa Gharib, muuza rangi na madawa ya viwandani, akamwambia anataka spiriti isiyo pombe. Gharib akamtolea kwenye pipa, akamwambia hii hata mlevi haigusi. Badria akatia na akili zake: isiyonyweka si pombe, isiyo pombe ni tohara kwa sala, na tohara haina neno. Nami nikaona sawa. Hesabu yake ilikuwa imenyooka kuliko zangu zote za skuli.

Akanielekeza. Nilowanishe msandali kwa maji yale badala ya marashi, nimpake mwari kuanzia shingoni mpaka nyayoni, kisha nimvingirishe kwa nailoni saa nzima ili harufu iingie ndani isitoke.

Nilipommiminia mgongoni, Salhiya akaruka.

"Somo! Barafu hiyo!"

"Tulia. Barafu ya leo, moto wa Ijumaa."

Akacheka mpaka akajifunika uso. Lakini ilikuwa baridi kweli, na mchana ule hata maji ya mtungi yalikuwa vuguvugu. Mikono yangu ikakauka kabla sijaifuta. Nikajiuliza haya maji gani yanayoondoka bila ya kuaga.

Jumamosi nikamsinga mara mbili. Jumapili mara mbili. Jumapili hiyo hiyo, saa saba mchana, nilitoka uani na bakuli lenye mabaki. Jua lilikuwa limesimama katikati ya ua, na seredani ya kufukizia udi ilikuwa na makaa. Nikayamwaga mabaki sakafuni karibu nayo.

Sikuona moto. Wallahi sikuona moto. Nilihisi joto kwenye vifundo, nikatazama chini, nikaona upindo wa kanga yangu unafunguka wenyewe. Unageuka mweusi, unapanda juu, kama kwamba kuna mtu asiyeonekana anaikunja taratibu. Moshi hakuna, ulimi wa moto hakuna, na nyama ya mguu inaungua. Nikajitupa kwenye karo la kufulia na kanga yangu, maji yakaruka mpaka ukutani.

Saadiya akatoka mbio. "Jini!" akapiga kelele. "Nlijua! Kuna mtu ana husda na harusi ya mwanangu!"

"Jini gani huyo, anatoka mchana anaanzia upindoni kwa kizee?" nikamwambia, nimekaa ndani ya karo. "Angekuwa na macho angetafuta penye kitu."

Tukacheka, hata yeye. Jioni yake nikamsinga mwari tena kama kawaida. Kicheko kile ningeliweza kukirudisha tumboni, ningelikirudisha.

Jumatatu Salhiya aliamka na kichwa. Na mimi kilinigonga, nikasema ni uzee. Jumanne akatapika mara mbili, na alipokwenda chooni alitembea akishika ukuta. Badria akachungulia simu yake, akasema vizuri sana, ni uchafu wa mwilini unatoka, tuongeze. Tukaongeza, na usiku akalala na nailoni yake.

Jumatano asubuhi niliingia chumbani, nikamkuta amekaa kitandani ameelekea dirishani. Dirisha lilikuwa limefungwa, na pazia juu yake.

"Somo, nani kafungua?"

"Hakuna aliyefungua, mwanangu."

"Basi mbona chumba kimejaa weupe? Kila ninapotazama, kama maziwa."

Nikavuta kigoda, nikakaa. Marehemu mume wangu, Mcha, alikuwa fundi wa milango. Mbao akizipaka sandarusi, utomvu wa kung'arishia, iliyoyeyushwa kwa spiriti. Mwaka mmoja alinunua pipa lililoshuka melini, spiriti yake si ile aliyoizoea. Wachukuzi wawili wakaiba kikombe, wakanywa. Mmoja alikufa siku ya pili. Mwengine alikaa pale karakanani asubuhi, akageuza uso huku na huku, akamwuliza: "Fundi Mcha, mbona umeipaka dunia chokaa?" Hakuona tena mpaka anaingia kaburini.

Lakini wale walikunywa. Huyu hakunywa hata tone. Nikainusa mikono yangu. Siku tano nilikuwa nikimnywesha, kikombe chake ngozi.

Nikamfungua ile nailoni, nikamwosha kwa maji na sabuni, nikafungua dirisha, kisha nikamwendea Saadiya jikoni.

"Mtoto apelekwe spitali. Sasa hivi."

"Mwari hatoki, Bi Mwanapili. Wewe ndiye wa kuniambia hayo? Wewe?"

"Desturi naijua. Macho yake yanaondoka."

"Ni husda, nshakwambia tangu Jumapili. Nshamtumia salamu Mwalimu chuoni aje amsomee. Akitoka nje kabla ya siku yake, watu wakamwona, harusi hiyo ina mkosi mpaka kwa wajukuu."

Nilimjua Saadiya tangu anazaliwa. Nilijua kwamba ningebishana naye mpaka adhuhuri, na adhuhuri ile nilikuwa sina. Nikalegeza sauti.

"Kweli, mwanangu. Tusimtoe. Isipokuwa kuna hili la kutapika asubuhi. Jirani yako wa dirisha la pili kasikia. Nlipopita nlimsikia anahesabu."

Mwiko ukasimama chunguni. "Anahesabu nini?"

"Miezi."

"Miezi?"

"Na anahesabu kwa sauti. Labda karatasi ya daktari ndiyo itakayomziba mdomo. Lakini mwari hatoki, umesema kweli."

Sijamaliza, keshavaa buibui. Masikini jirani hakuwa akihesabu kitu, alikuwa akipepeta mchele wake. Mungu atanisamehe, na jirani asiposoma haya naye atanisamehe.

Tulimfunika Salhiya buibui mbili, moja juu ya nyengine, tukampitisha vichochoroni, mimi mkono huu, mama yake mkono ule. Kwenye kizingiti cha mlango wao, alichokiruka tangu ana miaka miwili, alijikwaa. Alikuwa akihema kama aliyepanda ngazi za ghorofa nne.

Daktari tuliyemkuta ni Ulfat, mtoto mdogo tu, mama yake nilimsinga mimi. Alimmulika Salhiya machoni kwa tochi. Mboni zilikuwa zimefunguka wazi kama mlango wa nyumba yenye msiba, na mwanga ulipoingia hazikujali.

"Amekunywa nini?" daktari akauliza.

"Hajanywa kitu!" Saadiya akang'aka. "Huyu ni mtoto wa Mwalimu Anwar! Sisi tumekuja kwa karatasi ya mimba."

"Mimba gani?"

"Ya kuwa hana!"

Nikaitoa ile chupa chini ya buibui, nikamweleza yote, pamoja na nailoni. Daktari akainusa mara moja, akaisoma karatasi. Akampigia Badria, na Badria akampa nambari ya Gharib. Simu ikawekwa wazi tukasikia sote.

"Hiyo ni methanoli, daktari," Gharib akasema, sauti haina wasiwasi. "Pipa limeandikwa na lina alama ya fuvu na ya moto, maana ikiwaka juani ulimi wake hauonekani. Nnawauzia mafundi rangi, wanaotengeneza maji ya kufutia vioo vya gari, na yuko mtu Nungwi anageuza mafuta ya chipsi ya mahotelini kuwa dizeli, yeye ndiye mteja wangu mkubwa. Huyu bibi alitaka spiriti isiyo pombe. Nkampa isiyo pombe. Na nkamwambia isinywewe."

"Hakunywa mtu."

"Sasa tatizo nini?"

Daktari akakata simu. Akatuvuta kando, akasema kwa sauti ya chini, haraka haraka.

"Hii methanoli yenyewe ikipita tu mwilini haidhuru sana. Ini ndilo linaloishika na kuigeuza asidi, na asidi hiyo inakula mshipa wa jicho. Ikizidi inasimamisha pumzi. Dawa ya kulizuia ini haipo kisiwani, nitaiagiza ije na ndege kesho. Mashine ya kusafisha damu itapata nafasi saa kumi. Saa hizi ni saa tano. Hizo saa tano zilizobaki, ini litakuwa linapika."

"Hakuna kitu cha kulizuia mpaka saa kumi?" nikauliza.

Akamtazama Saadiya, kisha akanitazama mimi. "Kipo. Pombe."

"Pombe ya nini?" Saadiya akasema.

"Ya kunywa. Kali. Ini likipata vyote viwili, linashughulika na pombe kwanza, methanoli inaachwa mlangoni. Hii ya spitali ya kusafishia vidonda imetiwa vitu vyengine, hainyweki. Nnataka chupa nzima ya pombe safi, na nnaitaka sasa."

"Ini la mtoto wa mwalimu wa chuo," nikasema, "nalo linajua kuchagua!"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Anwar, aliyetufuata kutoka chuoni, alikuwa amesimama nyuma yetu, kofia mkononi, na alikuwa amesikia.

Ni mtu wa sauti ndogo, Mwalimu. Alikwenda kitandani, akamshika mwanawe kipaji cha uso, na Salhiya akauliza, "Nani?" Mwalimu akarudi kwetu, rangi imemtoka.

"Dharura huhalalisha kilichoharimishwa," akasema. Anawafundisha watoto maneno hayo kila mwaka. Ulimi wake ulikuwa unayajua vizuri, lakini miguu ilikuwa haijasomeshwa, haikusogea. Akatuangalia mmoja mmoja. "Inauzwa wapi?"

Nikaamini kwamba kweli hajui.

"Mimi nnapajua," nikasema.

"Wewe, Bi Mwanapili? Umepajuaje?"

"Mwalimu, niulize siku nyengine, siku yenye nafasi."

Nilikwenda upande wa Shangani, kwenye hoteli moja ya watalii. Nilipanda zile ngazi nikihema. Ndani kulikuwa na baridi ya mashine na wazungu wawili watatu na glasi zao. Mmoja akainua simu anipige picha: kizee, buibui, kaunta ya pombe. Nikamwinulia kidole, kisha nikakumbuka cheo changu, nikakikunja.

Nyuma ya kaunta alikuwepo mtu mzima mwenye mvi, jina lake Makungu. Wazee wake walitoka bara kuja kuchuma karafuu.

"Shikamoo, bibi. Msikiti uko njia ya nyuma."

"Marahaba. Msikiti naujua. Nipe pombe, kali kuliko zote ulizonazo."

"Ya kunywa hapa au ya kuondoka nayo?"

"Ya mwari."

Akacheka kicheko kikubwa, akainama, akaibuka na chupa kutoka chini ya kaunta. Nikamweleza ilikuwa ya kazi gani. Nilipofika kwenye macho kicheko kilikuwa kishakwisha. Akairudisha ile chupa alikoitoa.

"Hii sikupi."

"Kwa nini? Umeona mimi ombaomba?"

"Hii kaileta mtu jana, haina muhuri, bei yake ndogo. Hizi za bei ndogo, bibi, kuna watu wanazijaza kwa hiyo hiyo inayomuua mtoto wako. Haina tofauti, si rangi, si harufu, na ulimi haujui. Binamu yangu alikunywa moja kwenye harusi. Sasa anatembezwa kwa fimbo."

Jasho lilinitoka palepale penye baridi. Ningeibeba ile ya kwanza, ningempelekea daktari kwa mikono yangu hii hii. Makungu akafungua kabati la kioo kwa ufunguo, akatoa chupa nyengine, akanishika kidole akakipitisha juu ya muhuri wake.

"Umeusikia? Mzima. Mwambie daktari aukate mwenyewe."

"Na ile nyengine, utamuuzia nani?"

Aliipangusa vumbi kwa kitambaa, akaisukuma ndani zaidi, chini ya kaunta.

Njia nzima ya kurudi niliikumbatia chupa ndani ya buibui kama mtu mwenye mimba. Watu wakanisalimu, nami nikaitikia, na wawili walinambia nanukia vizuri.

Daktari Ulfat akaukata muhuri, akapima kwa bomba la sindano, akachanganya na maji ya machungwa kwenye kikombe cha plastiki. Saadiya akageukia ukuta. Kikombe akakichukua Mwalimu Anwar mwenyewe. Akakaa kitandani, akamnyanyua mwanawe kichwa, midomo yake ikafunguka aseme Bismillahi, ikajifumba. Juu ya kikombe kile haisemwi, na bila ya neno lile mtoto yule alikuwa hajanyweshwa hata maji tangu kuzaliwa. Akatafuta jina la Mola la kuombea ponya. Mwishowe akasema, "Ya Shafi," akamtilia mdomoni.

Salhiya akatema. "Baba, kinaunguza!"

"Kunywa, mama."

"Ni nini hiki?"

"Dawa."

"Kinanuka vibaya."

"Nnajua. Kunywa."

Akanywa. Kila baada ya saa akapewa tena, na kila mara ni yule baba aliyekishika kikombe. Kufika saa nane mchana mwari wetu alikuwa amelewa chakari. Akawa anapiga makofi kitandani.

"Baba! Nkwambie? Mansour ana masikio! Siku ya posa nlimchungulia dirishani. Walipotokeza kwenye kona, masikio yalitangulia, kisha wazee wake, kisha yeye!"

"Salhiya!" mama yake akamkemea kutoka ukutani.

"Na pua yako mama inatangulia vivyo hivyo. Nlikuwa sikwambii."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sikumbuki kipi kilitangulia. Hata Mwalimu mdomo ulimcheza. Kisha Salhiya akageuza uso huku na huku, kama yule mchukuzi.

"Mbona hamuwashi taa?" akasema. "Limeshakuchwa, mnakaa kizani kama popo?"

Jua la saa nane lilikuwa limemjaa uso mzima. Maziwa yalikuwa yameondoka, pakabaki kiza. Mwalimu Anwar akakinyanyua kikombe tena kabla ya saa yake, na daktari akamshika mkono, akamwambia bado.

Saa kumi akaingizwa kwenye mashine. Alfajiri yake pumzi ilishatulia, na mchana ndege ikaleta dawa. Roho yake haikuondoka. Daktari alisema tungengoja mpaka Mwalimu amsomee, angesomewa yasini ya maiti. Mimi pia alinichukua damu, akanilaza siku moja, akasema ngozi ya kizee imeniokoa, ngumu haipitishi kitu. Nikamwambia marehemu mume wangu alikuwa akisema vivyo hivyo, kwa malalamiko.

Badria alifunga duka. Alipita nyumba hata nyumba, Mlandege, Kikwajuni, mpaka Chukwani, akizikusanya chupa alizouza, analia anaomba radhi, na watu wengine wanamtolea chupa hawajazifungua. Zote zilirudi isipokuwa moja. Hiyo aliinunua mwanamke wa shamba ambaye alisema anaozesha binti, na Badria hakumuuliza jina wala kijiji. Anakumbuka kanga yake tu, ya rangi ya zambarau. Gharib naye ameongeza maneno kwenye pipa. Palikuwa pameandikwa si ya kunywa, sasa pameandikwa si ya kunywa wala kupaka. Pipa lipo. Mtu wa Nungwi anaendelea kuja kuchukua ya dizeli yake. Mwaka ujao atatokea mwengine na njia ya tatu.

Nikaha iliahirishwa wiki tatu. Salhiya akarudi nyumbani, na kila aliyemwuliza alimjibu, "Naona, alhamdulillahi." Alimwambia daktari naona. Alimwambia baba yake naona, na Mwalimu akasujudu palepale sakafuni. Mansour akaletewa habari kwamba mwari alipata homa, amepona.

Nikamtia ndani mara ya pili, safari hii na maua yangu. Siku ya tano, nimekaa ubavuni kwake nachambua asumini, nikamwona anatafuta glasi ya maji kwa vidole, anaipapasa meza kama anayepiga kinanda. Sikusema kitu. Nikasogeza uso wangu upande wake wa kushoto, nikautengeneza: jicho moja nikalifumba, ulimi nje, yale meno yangu nikayapanga wanavyoyaogopa wajukuu. Uso huo haujapata kukosa kumchekesha mtu. Salhiya akaendelea kutabasamu kwa adabu, ameelekea mlangoni.

Nikazunguka kulia. Nikakaribia, nikakaribia, mpaka pumzi yangu ikampiga shavuni. Hapo akashtuka, kisha akacheka.

"Somo, meno hayo!"

"Jicho la kushoto halimo," nikamwambia.

Kicheko kikamkauka. "Usimwambie baba. Kasujudu."

"Na la kulia?"

"Nnaona karibu. Mbali ni ukungu. Nlimsikia daktari akimwambia mwenzake, jicho kama hili huenda likabaki hivi. Huenda likazidi." Akanishika mkono, vidole vyake baridi. "Ijumaa hii Mansour atanioa. Akijua baadaye, atasema wazee wangu wamemwozesha kipofu kwa siri. Akijua sasa, labda hanioi. Ungekuwa wewe, somo?"

Mimi ningenyamaza mpaka mtoto wa tatu, nikamwambia hivyo. Hakucheka.

"Mwite," akasema.

"Mwari haonani na mume kabla ya nikaha."

"Mimi simwoni, somo. Mwite."

Nikamleta alasiri, Saadiya yuko sokoni. Nilimpitisha mlango wa uani, kijana mrefu, shati jeupe, viatu mkononi. Nilimsimamisha kwenye mlango wa chumba, Salhiya kajifunika mtandio, kakaa kitandani. Akamwambia yote mwenyewe: singo, methanoli, pombe, jicho la kushoto limekufa, la kulia sijui kama litakaa. "Nikaha ni Ijumaa. Useme leo, mimi na somo tu ndio tunaosikia."

Mansour akaviweka viatu vyake chini, mlangoni. Nilisikia mchele unapepetwa kwa jirani.

"Hapa nilipo, unaniona?" akauliza.

"Naona weupe. Wa shati, nnadhani."

"Uso?"

"Hapana."

Akapiga hatua moja ndani. "Sasa?"

"Bado."

Hapo desturi ilinitaka nisimame nipige kelele, nimfukuze kwa kigoda. Nikainamia asumini zangu, nikawa nahesabu hatua. Akapiga hatua nyengine.

"Sasa?"

"Bado."

Chumba kile kina hatua sita kutoka mlangoni mpaka kitandani, nimesinga humo wari watatu, nakijua. Sauti yake ilikuwa inapungua kila anapouliza, na ya Salhiya pia. Alipofika ya tano, Salhiya alikuwa angali anamjibu, "Bado," na mguu wa Mansour ulishanyanyuka kwa ya sita.